Kabla ya Kwenda Bhutan, Tuulize Kilombero

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa umma, Ifakara)



Nimeombwa nizungumze juu ya nchi ambayo wengi wetu tunaisikia tu, nayo ni Bhutan, ufalme mdogo ulio katika milima ya Himalaya, kati ya India na China, ambao watu wake wengi ni wafuasi wa dini ya Kibudha. Nchi hiyo imejipatia sifa duniani kwa jambo moja: inasemekana kwamba haitazami pato la taifa peke yake, bali inatazama pia furaha ya watu wake. Kwa sababu ya sifa hiyo wageni wanatoka pande zote za dunia kwenda kuiona, kana kwamba furaha ni mnyama wa porini anayeweza kupigwa picha.

Leo nakusudia kulipima wazo la nchi hiyo kwa kutumia mahali tunapopafahamu, yaani Bonde hili la Kilombero. Wazo likiwa jema litafaa hapa pia, na likiwa na kasoro, kasoro hiyo tutaiona hapa upesi kuliko kuiona kwa mbali.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Bhutan ina eneo la kilomita za mraba 38,000 hivi na watu wasiofikia 800,000. Mkoa wetu wa Morogoro peke yake unakaribia kuwa mara mbili ya eneo hilo, na kwa hesabu ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni tatu. Kwa hiyo tunazungumza juu ya taifa zima ambalo ni dogo kuliko mkoa mmoja wa Tanzania. Lakini milima yake ni mirefu mno. Kilele chake kikubwa, Gangkhar Puensum, kina mita 7,570, ambapo Kilimanjaro chetu kina mita 5,895. Hakuna mtu aliyefika juu ya kilele hicho, kwa kuwa wananchi wa huko huiona milima kuwa ni makao matakatifu, na serikali yao ilipiga marufuku kabisa upandaji wa milima mwaka 2003. Wangeweza kupata fedha nyingi kwa kuuza vibali, lakini waliziacha.

Mgeni anayekwenda Bhutan kwa ndege hutua Paro, katika uwanja uliobanwa na milima pande zote. Hutozwa ada kwa kila usiku anaolala nchini humo. Ada hiyo ilipandishwa kuwa dola 200 za Marekani mwaka 2022, ikapunguzwa kuwa dola 100 mwaka 2023. Shabaha ya ada ni kwamba waje wageni wachache wenye faida, badala ya wageni wengi wenye madhara. Akifika mji mkuu, Thimphu, atamwona askari akiongoza magari kwa mikono. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hapakuwa na barabara ya magari kutoka mpaka wa India hadi mji huo. Watu walikwenda siku kadhaa kwa miguu na kwa nyumbu. Televisheni na intaneti ziliruhusiwa mwaka 1999 tu.

Mambo hayo humshangaza mtu wa Ulaya. Mtu wa Kilombero hayamshangazi sana. Sisi tunajua maana ya kukaa mbali. Kabla ya reli, njia kuu ya bonde hili ilikuwa mto wenyewe, na gari lake lilikuwa mtumbwi wa Mndamba. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita chini ya safu za Udzungwa, na ikaiunganisha Ifakara na Mlimba na nchi nzima. Lakini mtu wa Ulanga aliendelea kungoja kivuko ili auvuke Mto Kilombero. Januari 2016 kivuko kilipinduka mtoni, na daraja kubwa likafunguliwa mwaka 2018. Aliyewahi kukaa kando ya mto huo na mgonjwa usiku, akingoja kupambazuke, hahitaji kuambiwa kwamba daraja ni sehemu ya furaha.

Ndugu wananchi, wazo la Bhutan lilitamkwa na mfalme wake wa nne, Jigme Singye Wangchuck, katika miaka ya 1970. Alisema kwamba furaha ya taifa ni muhimu kuliko pato la taifa. Mwaka 2008 nchi hiyo ilipata katiba mpya na kufanya uchaguzi wake wa kwanza wa bunge. Katiba hiyo inaitaka dola ijitahidi kujenga mazingira yatakayowawezesha watu kuitafuta furaha. Naomba tuyaangalie maneno hayo kwa makini. Katiba haisemi kwamba serikali itawapa watu furaha. Inasema kwamba serikali itajenga mazingira. Katiba hiyo hiyo imeweka sharti kwamba asilimia 60 ya ardhi ya nchi ibaki kuwa misitu wakati wote.

Kisha wakatafuta kipimo. Waligawa maisha ya binadamu katika mafungu tisa: utulivu wa nafsi, afya, elimu, matumizi ya wakati, utamaduni, utawala bora, ujirani, mazingira, na hali ya maisha. Katika mafungu hayo waliweka vigezo 33. Wadadisi walikwenda nyumba kwa nyumba, milimani na mabondeni, wakawauliza watu zaidi ya 7,000 mwaka 2010, na zaidi ya 11,000 mwaka 2022. Mahojiano na mtu mmoja yaliweza kuchukua saa kadhaa. Aliulizwa analala saa ngapi, anafanya kazi saa ngapi, akiugua ni watu wangapi anaoweza kuwategemea, anawaamini jirani zake au hawaamini. Na kazi za nyumbani zisizo na mshahara zilihesabiwa kuwa ni kazi.

Matokeo yake ni haya. Waliohesabiwa kuwa na furaha walikuwa asilimia 40.9 mwaka 2010, asilimia 43.4 mwaka 2015 na asilimia 48.1 mwaka 2022. Maana yake ni kwamba katika nchi hiyo inayoitwa nchi ya furaha, zaidi ya nusu ya watu hawakufikia kiwango ambacho nchi yao wenyewe ilikiweka. Uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha pia kwamba wanaume walikuwa na furaha kuliko wanawake, watu wa mijini kuliko watu wa vijijini, na kwamba wakulima walikuwa nyuma ya watu wa kazi nyingine. Mimi naona hilo ndilo jambo la heshima kubwa katika habari nzima ya Bhutan. Serikali iliyojisifu kwa furaha ilithubutu kuchapisha kwamba mkulima wake na mwanamke wake hawajaipata.

Upo pia uchunguzi wa dunia nzima unaotolewa karibu kila mwaka tangu 2012. Huo humwuliza mtu swali moja kubwa: ukifikiri maisha ni ngazi yenye vidato kutoka sifuri hadi kumi, wewe umesimama kidato cha ngapi? Kwa kipimo hicho Finland imekuwa ya kwanza mfululizo tangu mwaka 2018. Bhutan yenyewe haikuwahi kuingia miongoni mwa nchi 50 za kwanza. Na Tanzania yetu mara nyingi imewekwa karibu na mkia. Wako waliokasirika kwa habari hiyo, wakasema: sisi tunacheka, tunaimba, tunasalimiana njiani, vipi tuambiwe hatuna furaha?

Hapa lugha yetu inatusaidia. Kiswahili kinatofautisha furaha, raha na heri. Furaha yaweza kuwa ya saa moja, kama ya ngoma au ya harusi. Raha ni kupumzika na dhiki. Heri ni hali njema inayodumu, ambayo mtu huiombea watoto wake. Mwananchi anaweza kucheka jioni na ngoma huku akijua kwamba hana uhakika wa shamba lake mwakani. Kicheko chake ni cha kweli, na wasiwasi wake ni wa kweli pia. Atakayeandika katika taarifa yake kwamba watu wana furaha kwa sababu aliwasikia wakiimba, ameandika nusu ya habari.

Sasa tukumbuke historia yetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Mwaka uliofuata, katika maandishi yake juu ya uhuru na maendeleo, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba maendeleo ya kweli ni ya watu na siyo ya vitu. Kwamba barabara na majengo ni vyombo tu vya kumwendeleza mtu. Kwa hiyo, ndugu zangu, wazo ambalo dunia inalisifu kwa jina la Bhutan halikuwa geni kwetu. Tulilisema mapema. Tofauti ni kwamba wao waliligeuza likawa daftari la maswali, wakalipeleka nyumba kwa nyumba. Sisi tulihesabu madarasa, visima na magunia. Hesabu hizo ni za lazima, lakini zinahesabu vitu.

Je, tukilichukua daftari lile na kulileta bondeni, litatuonyesha nini?

Tuanze na wakati. Mkulima wa mpunga wa Kilombero, msimu ufikapo, huhamia shambani. Shamba liko mbali na kijiji, na nguruwe na ndege hawangoji. Familia hujenga kibanda, na mpunga ukianza kutoa suke, kazi ni kuamia ndege tangu alfajiri hadi jua kuchwa. Wanaoamia mara nyingi ni watoto. Mwalimu huita majina darasani, na majina hayaitikiwi. Katika daftari la mahudhurio mtoto huyo ni mtoro. Katika hesabu ya mavuno jasho lake limo ndani ya gunia, ingawa jina lake halimo. Pato limeongezeka, na elimu imepungua, katika nyumba hiyo hiyo, kwa sababu hiyo hiyo. Kipimo cha pato hakiwezi kuliona jambo hilo. Mwalimu analiona kila mwaka, lakini nani anamwuliza?

Mama wa nyumba hiyo naye hupalilia, huchota maji, hutwanga, hupika, hunyonyesha. Kama tungeweka kiwango cha Bhutan, cha saa nane za kazi na saa nane za usingizi, wangapi kati ya akina mama wa bonde hili wangekifikia wakati wa msimu?

Tuje kwenye afya. Hapa Ifakara hatuna haja ya kujifunza kuuliza kutoka mbali. Maabara ndogo iliyofunguliwa hapa na Waswisi mwaka 1957 ilikua hadi ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani. Tangu mwaka 1996 wadadisi walianza kuzipitia nyumba za vijiji vya Kilombero na Ulanga mara kwa mara, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha, na haikupigiwa ngoma. Lakini katika miaka hiyo hiyo vyandarua vyenye dawa vilipelekwa kwa wananchi wa wilaya hizo mbili, na kwa sababu watu walikuwa wamehesabiwa, ilijulikana kwa hakika kwamba watoto waliolala ndani ya vyandarua hivyo walinusurika zaidi kwa asilimia 27. Mwaka 2004 taifa likaanzisha hati punguzo kwa ajili ya mama wajawazito. Mtoto ambaye hakufa hatumwoni kuwa ni habari. Huenda leo ni mwalimu, na huenda yumo humu ndani. Kilichomwokoa kilianza na mtu aliyebisha hodi na kuuliza.

Tuje kwenye mazingira. Bhutan huuza umeme wa maji kwa India, na huo ndio nguzo ya uchumi wake. Sisi nasi tuna Kidatu, megawati 204, tangu mwaka 1975, na Kihansi, megawati 180, tangu mwaka 2000. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde letu, na maji hayo ndiyo yanayokwenda kuizungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya vijiji vilivyokuwa vikiwasha koroboi. Na huko Kihansi, maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, chura mdogo aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko, asiyekuwako penginepo duniani, alitoweka porini. Ikabidi kizazi chake kitunzwe Marekani kabla ya kurudishwa. Sisemi kwamba umeme haukutakiwa. Nasema kwamba gharama ipo, na ni haki ya mwenye bonde kuijua na kuulizwa kabla.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika mahali pagumu.

Bhutan ina doa kubwa. Kusini mwa nchi hiyo waliishi watu wenye asili ya Nepal, wengi wao Wahindu, wanaoitwa Lhotshampa. Sheria ya uraia ya mwaka 1985 iliwataka wathibitishe kwamba walikuwamo nchini tangu mwaka 1958. Mwaka 1989 wananchi wote waliamriwa kuvaa vazi la taifa na kufuata desturi moja. Ghasia zilifuata, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu zaidi ya 80,000 walikuwa wamekwisha kuingia kambini Nepal, na idadi yao ikazidi 100,000 baadaye. Serikali ya Bhutan ilidai kwamba wengi wao hawakuwa raia au waliondoka kwa hiari. Wao wenyewe walisema walifukuzwa. Walikaa kambini karibu miaka ishirini, ndipo wengi wao wakahamishiwa Marekani na nchi nyingine za ng'ambo kuanzia mwaka 2007. Wadadisi wa mwaka 2010 walipokwenda nyumba kwa nyumba kuuliza habari za furaha, watu hao hawakuwamo nyumbani kuulizwa.

Hilo ndilo somo kubwa kuliko yote. Kipimo cha furaha chaweza kuwa kizuri sana, lakini aliyeondolewa hahesabiwi. Na tusiwanyoshee kidole kwa haraka. Sisi tuliosema maendeleo ni ya watu tuliendesha Operesheni Vijiji mwaka 1974, na wako wazee waliohamishwa kwa nguvu, wakaacha nyumba na miembe yao, kwa ajili ya maendeleo yao wenyewe. Nia ilikuwa njema. Kilichokosekana ni kuulizwa.

Katika bonde hili jambo hili halijawa historia. Bonde lilitambuliwa mwaka 2002 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Ng'ombe waliongezeka, mashamba yaliongezeka, na sheshe, ambaye bonde hili lilikuwa ngome yake kubwa barani Afrika, alipungua sana. Mwishoni mwa mwaka 2012 iliendeshwa operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Miongoni mwa wafugaji walioondolewa walikuwamo ambao miaka michache kabla, mwaka 2006 na 2007, walikuwa wamekwisha kuondolewa Ihefu. Mwaka 2023 sehemu ya bonde ilipandishwa hadhi ikawa Pori la Akiba la Kilombero. Mto lazima ulindwe; bila maji hakuna mpunga, hakuna samaki, hakuna umeme. Lakini mkulima anayeliona jiwe la mpaka limepandwa katikati ya shamba alilorithi, na mfugaji anayeambiwa aende asikokujua, hao nao ni watu wa kuhesabiwa. Tukiwaondoa kwanza ndipo tupime furaha ya waliobaki, tutapata asilimia nzuri, na asilimia hiyo itakuwa ya uongo.

Hata Bhutan ya leo inajifunza. Desemba 2023 ilitoka katika orodha ya nchi maskini kabisa duniani, na wakati huo huo vijana wake wengi waliosoma walikuwa wakiondoka kwenda Australia kutafuta kazi. Milima mitakatifu haikuwazuia. Utulivu bila kazi haumtoshi kijana, kama vile kazi bila haki isivyomtosha mzee.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wetu.

La kwanza, mtumishi wa umma asiandike hali ya watu kabla ya kuwauliza watu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkutano mkuu wa kijiji uwe mahali pa kusikiliza kabla ya uamuzi, na siyo pa kutangaza uamuzi uliokwisha kufanyika.

La pili, mwalimu aandike sababu pamoja na jina. Mtoto asipofika, daftari liseme: anaamia, anauguza, wamehamishwa. Daftari la namna hiyo, likijazwa kwa uaminifu katika shule zote za bonde kwa miaka mitano, litatueleza habari ya furaha ya Kilombero kuliko kitabu chochote kutoka ng'ambo. Na shule itakayoijua sababu itaweza kukaa na wazazi na kutafuta zamu ya kuamia isiyomnyima mtoto darasa.

La tatu, katika kila hesabu ya maendeleo tuulize: nani hayumo? Kama barabara imefika, nani nyumba yake ilivunjwa? Kama pori limehifadhiwa, nani alikuwa akilima humo, na sasa yuko wapi? Jibu liandikwe katika taarifa ile ile inayotaja mafanikio, ukurasa ule ule.

Anayetaka kwenda Bhutan na ana nauli, na aende. Ataiona milima ambayo watu wamekataa kuiuza, na hilo ni jambo la kujifunza. Sisi wengine tuna kazi karibu zaidi. Msimu ujao wa mpunga, majina yatakapoitwa darasani na kutoitikiwa, tujue kwamba swali la furaha limekwisha kuulizwa, na kwamba anayepaswa kulijibu ni sisi.